Boksi la Kumwonyesha Mama

Jumatatu, 3 Februari 2025

Boksi la kumi na saba limeshindwa. Kama la kumi na sita. Kama la kumi na tano. Ukunda leo joto la kumkaanga mtu, na Abdulaziz amezima feni ya karakana, ati inarusha vumbi. Tajiri ana haki ya kusema lolote.

Niiandike hapa kazi yangu, maana hata Fauzia mke wangu haielewi. Maboksi haya ya Android, ya kuifanya tivii ya kawaida ionyeshe mambo ya intaneti, yanakuja kwa katoni. Mimi nachomeka moja moja. Naweka video ile ile — samaki wa rangi wanaogelea, nimeshawachukia! — saa nzima bila kukatiza. Picha inakwama mara ngapi? Rimoti ikibonyezwa, boksi linaitika upesi au linajikuna kwanza? Likipata moto, picha inabaki safi?

Haya mapya yanaanza vizuri, utayapenda. Dakika ya arobaini yanapata moto. Hapo boksi lenyewe linajipunguzia kazi lisiungue, na picha inakuwa ya majimaji. Magamba ya samaki yanapotea. Unaona kitu chekundu kinapita, basi.

Nilimwambia Abdulaziz. Hakuinua macho. Alisema nibandike IMEPITA, mteja akilalamika tutamwambia intaneti yake ndiyo mbovu. Nikabandika. Mwandiko wangu, kalamu yangu.

Twaiba alipiga simu ya video nikiwa dakika ya hamsini na mbili. Mdogo wangu huyu yuko Arabuni mwaka wa pili sasa, kazi za ndani. Alitaka nimwonyeshe dukani, nimwonyeshe barabara, watu wanaopita. Kichwa kinamwuma tangu juzi, alisema. Simu yake inanilia intaneti, majaribio yanaharibika. Nikamwambia nitampigia jioni.

Jioni nilisahau.

Jumatano, 5 Februari

Sijampigia. Kesho inshallah. Maboksi yaliyobaki nimeyamaliza — yote IMEPITA! Abdulaziz amenisifu mbele ya wateja. Mazuri, yale ya katoni ya kwanza, ameyatenga kwa hoteli moja ya Diani.

Ijumaa, 7 Februari

Twaiba amefariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Nimeuandika mstari huo, nikaukata, nikauandika tena.

Hafsa ndiye aliyepiga. Msichana wa Majoreni, wako mji mmoja na Twaiba, nyumba mbalimbali. Analia, simwelewi, namwambia polepole. Twaiba hakuamka asubuhi kupika. Wenye nyumba wamesema ni moyo. Moyo! Miaka ishirini na sita. Mtu huyo alikuwa anabeba ndoo mbili kutoka kisimani akiimba.

Sikuenda kwa Mama peke yangu. Nilimchukua Bi Rai, dada yake mkubwa. Mama alikuwa uani anachambua mchicha kwa vidole, maana macho yake hayamsaidii tena. Bi Rai alimwambia. Mama akaendelea kuchambua. Halafu akauliza, nani aliyemwona?

Nikasema Hafsa ameambiwa.

"Kuambiwa," Mama akasema. "Nimekuuliza, nani aliyeuona uso wake?"

Hakulia. Ningefurahi angelia.

Nitampigia jioni. Ndivyo nilivyomwambia mtoto wa watu. Nitampigia jioni.

Jumapili, 9 Februari

Watu wamejaa. Bi Rai ameshika nyumba. Kioo cha chumbani kimegeuzwa ukutani, redio imepelekwa kwa jirani, tivii imefunikwa leso. Ndivyo tunavyofanya nyumba ikiwa na msiba. Leso hiyo ni ya Twaiba, nyekundu yenye korosho pembeni, aliiacha siku aliyoondoka.

Wazee wamekaa. Kumleta au azikwe huko? Wakala aliyempeleka hapatikani, simu imezimwa tangu Ijumaa. Karatasi za kumsafirisha zitachukua miezi. Wamekubaliana azikwe huko huko, ardhi yote ni ya Mungu. Hafsa anafuatilia kibali cha kuzika. Anatoroka kazini kwenda kwenye maofisi. Mungu amlipe.

Kisha likaja suala la hitima. Siku gani isomwe? Mama akasema hapana hitima. Haisomwi hitima ya mtu aliye hai.



Akakumbusha habari ya Kikoneni. Mimi nilikuwa nimeisahau, yeye hakuisahau. Nyumba moja kule ililetewa sanduku kutoka ng'ambo, wakazika, wakasoma, wakala wali. Mwezi wa tatu binti akapiga simu akiuliza kwa nini hawampigii. Walimzika mtoto wa watu wengine.

"Nikiuona uso nitakubali," Mama akasema. "Nisipouona, msinisomee."

Bi Rai alilia hapo. Mimi nilitoka nje, nikaenda nyuma ya choo, nikalia huko.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefikiri jambo. Hafsa anaweza kuingia Twaiba akioshwa. Akishavishwa sanda, kabla uso haujafunikwa, amwonyeshe kwa simu. Lakini Mama simu haioni. Jicho la kulia limeisha, la kushoto lilipasuliwa mwaka jana, linaona kitu kikubwa na cha karibu. Ukimpa simu anaona mwanga tu.

Tivii ataiona! Ya inchi arobaini na tatu, akikaa kwenye mkeka karibu. Simu ya Hafsa iingie moja kwa moja kwenye boksi, picha itoke kwenye tivii, na maikrofoni ya rimoti imsikize Mama. Kazi yangu ni ipi kama si hiyo?

Nilimweleza Bi Rai. Aliruka! Tivii, nyumba ya msiba? Nikaenda kwa maalim. Maalim Abubakar alifikiri sana, akasema mama kumuaga mwanawe hakuna ubaya. Ila pawe na wanawake watupu, asirekodi mtu, na simu zote zikae nje. Bi Rai akatulia. Akasema vyema, na wewe pia utakaa nje.

Mimi? Kaka wa tumbo moja?

"Wewe ni kaka yake Twaiba," akasema. "Hao wanawake wanaomwosha ni dada zako?"

Basi, nje.

Jumatano, 12 Februari

Nilimwomba Abdulaziz boksi moja la katoni ya kwanza, lile zuri. Nikamweleza ni la nini. Amenipa pole, ameshika mkono wangu kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga, si mtu mbaya. Lakini yale ya hoteli yameshaahidiwa, akasema, hawezi kupunguza hata moja. Akaingia stoo akatoka na boksi, zawadi, nisirudishe.

Nililigeuza upande wa chini. IMEPITA. Mwandiko wangu.

Ningesemaje? Hili bovu? Nililipitisha mimi. Nikasema ahsante tajiri.

Nimelifungua hapa nyumbani. Ndani kuna kipande cha bati chembamba cha kutolea joto, upana wa ukucha. Haya! Nimetoa kipande kinene cha alumini kwenye kompyuta iliyokufa, nimekisugua, nimekigandisha juu yake. Nimetoboa mfuniko matundu thelathini na sita. Limekuwa baya kutazama. Litapumua.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala ya Ijumaa nililijaribu. Nilikiondoa kile kitambaa — leso ya Twaiba — kwenye tivii, nikakikunja, nikampa Bi Rai mkononi. Samaki wale wale. Dakika ya arobaini: safi. Saa nzima: safi. Saa mbili na dakika kumi: magamba yanahesabika! Nililigusa, lina joto la chai iliyopoa.

Sijawahi kulijaribu boksi kwa moyo wangu wote namna hii. Maboksi mia ngapi yamepita mikononi mwangu?

Kisha nikampigia Hafsa kwa boksi hilo hilo, yuko jikoni kwa watu, anaongea kwa kunong'ona. Mama nimemweka kwenye mkeka, pua karibu iguse kioo. Uso wa Hafsa ukaja, mkubwa kuliko sinia.

Mama: "Huyu ana kipini puani."

Hafsa akacheka na kulia kwa pamoja. Ni kweli, ana kipini! Mama akamwambia ale vizuri, amekonda. Akamwuliza Twaiba yuko wapi. Nikakata.

Halafu Mama akaniambia atakachokitafuta. Nyusi ya kushoto. Twaiba alipokuwa na miaka minne alianguka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kile chuma kikamchana nyusi katikati. Palipochanika hapakuota nywele tena. "Mbuzi niliiacha mimi njiani," Mama akasema. "Nilitoka kidogo kuzima moto. Kovu lile ni langu. Hawawezi kunidanganya kwa kovu langu."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Upana wa kovu lile hauzidi punje ya mchele. Picha ikiwa safi, litaonekana. Picha ikiwa ya majimaji, nyusi itakuwa nzima.

Jumapili, 16 Februari

Jaribio la pili. Dakika tisini, safi.

Nikimaliza tu, Bi Rai anairudisha leso juu ya tivii. Kila mara. Nimewaambia wote, mtu asiliguse hili boksi. Msilisogeze, msichomoe waya, msifute vumbi. Wameitika. Fauzia nimemfundisha rimoti: hiki cha kufungua, hiki cha sauti, hiki usikibonyeze kabisa. Ameelewa kuliko mimi nilivyoelewa siku ya kwanza.

Aliniuliza, kama Mama asipoliona kovu? Nikamkaripia. Nikamwomba radhi baadaye, lakini nilimkaripia.

Jumanne, 18 Februari

Kibali kimetoka. Alhamisi asubuhi ataoshwa, azikwe baada ya adhuhuri. Saa zao ni saa zetu.

Hafsa amemwona. Ameruhusiwa kuingia hospitali kumtambua. Nikamwuliza, je, nyusi? Akasema alifunuliwa uso haraka, yeye alikuwa analia, hakuangalia nyusi. "Lakini ni yeye, kaka. Nitakosaje kumjua?"

Nilimwambia Mama kwamba Hafsa amemwona. Mama akasema Hafsa ni mtoto mzuri.

Alhamisi, 20 Februari

Saa nne kasoro robo. Nimejaribu mara ya mwisho, nusu saa, safi. Intaneti safi. Stima ipo, na betri ya akiba ipo.

Watu wanaingia. Wanaume barazani na chini ya turubai, wanawake ndani. Simu za wanawake wote ziko kwenye kikapu, na kikapu kiko miguuni pangu, hapa mlangoni. Mimi ndiye mlinzi wa simu. Ndiyo kazi niliyopewa! Ya Fauzia pia imo, na yangu.

Saa nne na nusu. Hafsa ameshaunganisha. Bado hawajaanza, lakini anaogopa akikata hatapata tena, kwa hiyo laini ibaki wazi. Nikasema sawa, boksi linahimili saa mbili. Nimeingia mara moja kuhakikisha: tivii inaonyesha ukuta wa vigae vyeupe, unahesabu kigae kimoja kimoja. Nikawaambia sasa leso isirudi, tivii ibaki wazi. Bi Rai akanitoa kwa kunishika bega. Kwa upole, lakini amenitoa.

Naandika kwenye goti. Mzee mmoja ananiuliza naandika nini. Nimemwambia majina ya waliokuja. Mungu anisamehe.

Saa tano. Bado vigae. Ndani wanasoma Yasini.

Saa tano na robo. Fauzia amekuja mlangoni, ameongea kupitia upenyo. Picha imeanza kuwa na ukungu. Ukungu wa namna gani? Mistari ya vigae haionekani, anasema, ukuta umekuwa mweupe tu.

Haiwezekani! Dakika arobaini na tano tu. Nimemwambia aguse boksi kama lina moto. Amekwenda. Hajarudi.

Nimebisha hodi. Bi Rai amesema ndani: subiri, wamemleta.

Nimebisha tena. Nimesema kwa sauti, Bi Rai, boksi lina moto, nipisheni dakika moja nililipepee. Wanaume barazani wamegeuka kuniangalia. Ndani kilio kimepanda, hakuna anayenisikia. Nimeita Fauzia. Nimeita dirishani. Nimeshika kikapu cha simu karibu mia na hakuna hata mmoja ndani ninayeweza kumpigia.

Kilio kimekatika. Wote kwa pamoja. Nasikia sauti ya Mama peke yake.

"Msogezeni karibu."

Kisha: "Karibu zaidi, mwanangu, karibu zaidi." Anamwambia Hafsa.

Nimesukuma mlango.

Saa tano na dakika arobaini. Nimo ndani. Hakuna aliyenifukuza. Naandika nimesimama, nimeegemea kabati, maana sijui mkono utafanya nini kingine.

Nilichokikuta ni hiki. Leso walikuwa wameitoa kwenye tivii, kama nilivyowaambia. Lakini ni leso ya marehemu, nani ataiweka sakafuni? Nani ataikalia? Bi Rai ameikunja mara nne, vizuri, kwa heshima zote, akaiweka mahali pa juu palipokuwa wazi. Juu ya boksi. Juu ya matundu yangu thelathini na sita. Hakugusa boksi. Nilisema wasiguse, na hakugusa.

Niliivuta leso ikiwa ya moto kama imetoka kupigwa pasi. Kibandiko cha chini ya boksi kimekunjamana, mwandiko bado unasomeka.

Kwenye tivii kulikuwa na sanda nyeupe na kitu cha rangi ya kahawia katikati. Uso. Uso wa mtu yeyote. Kisha mkono ukapita na kitambaa, ukafunika, na mtu akasema Kiarabu, na laini ikakatika. Kama ningeingia dakika tatu kabla! Dakika mbili!

Mama bado yuko kwenye mkeka. Amegeuka, ametukabili sisi, mgongo kwa tivii. Sijamwona ametulia hivi tangu siku ile ya mchicha.

Amesema nyusi ni nzima. Ameziangalia zote mbili, hakuna palipokatika. Amesema, "Mungu amrehemu, mtoto wa watu." Akamwomba Bi Rai amsomee Fatiha yule msichana, maana mama yake hajui. Kisha akasema wageni wapewe chai waende zao, wasipotezewe siku. Hapana msiba hapa.

Bi Rai ananiangalia mimi. Fauzia ananiangalia mimi. Wote wanamwangalia fundi.

Nimemwambia, Mama, ni boksi. Lilipata moto. Picha ilipungua, vitu vidogo vinapotea, hata mistari ya vigae ilipotea, mwulize Fauzia. Akaniuliza, "Si ulisema ni zima? Hukulijaribu wewe mwenyewe?"

Nimesema nililijaribu.

"Basi."

Na mimi je? Mimi sikuona. Hafsa hakuangalia nyusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona lile kovu. Ninajua ni Twaiba. Ninajua. Lakini neno alilolisema Mama limeshaniingia, linatembea. Kama kweli siye? Na kama siye, yuko wapi, na kwa nini mimi sikumpigia jioni ile?

Simu yangu inalia ndani ya kikapu nilichoingia nacho. Ni Hafsa. Bila shaka anataka kujua kama Mama ameridhika, maana wanaume wanabeba jeneza sasa hivi na hawatasubiri.

Naandika badala ya kupokea.

Inalia tena. Mama ameisikia. Amenyoosha mkono, kiganja juu, anauelekeza palipo sauti.

"Alfani," anasema. "Pokea. Mwambie wasizike, wamekosea mtu."

Imekatika. Imeanza tena. Mama hajashusha mkono, na mimi naweka kalamu nipokee.